Rangi haifichi patasi: kukereza mapambo ya mbao na kuzitia rangi nyuzi zake

Pambo tunalolizungumzia hapa ni dogo. Ni tufe la mbao lenye kipenyo cha milimita 55, limechimbwa ndani likabaki gamba, lina kofia juu ya kutundikia na ncha ndefu inayoshuka chini. Watu hulitundika kwenye mti wa Krismasi, kwenye mapambo ya ukumbi wa harusi, au dirishani sebuleni. Ukiweza kulikereza hili, vifundo vya droo, vinara vya mishumaa na vichwa vya fimbo za pazia ni kazi ileile kwa vipimo vingine.

Maswali mengi tunayoletewa ni ya rangi: rangi gani, inachanganywa na nini, mbona imetoka madoa. Tutayafikia yote. Lakini rangi tunayoisema si ile ya kupaka mlango, inayolala juu ya mbao na kuifunika. Hii ni nyepesi kama maji, huingia ndani na kufuata njia inazozikuta. Unyuzi uliong'olewa na patasi butu badala ya kukatwa hunywa rangi kuliko jirani yake, ukaonekana mweusi. Mkwaruzo wa msasa hunywa vilevile. Tufe la mwembe ambalo halijatiwa rangi litakudanganya kwamba ni laini. Litie buluu uone kila kosa la keezo (mashine inayozungusha mbao huku patasi ikiikata) likijitokeza kama mstari wa wino. Ndiyo maana nusu kubwa ya kazi ya rangi hufanywa kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Mbao

Mwembe ndio tunaoanza nao, na mara nyingi ndio tunaoishia nao. Mombasa haukosekani: miembe mikongwe huangushwa viwanjani Kisauni, Likoni, hadi huko Mtwapa, na magogo yake mengi huishia kuwa kuni. Mbao yake ina rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, vitundu vyake vinaonekana kwa jicho, na nyuzi zake hupishana, safu moja ikielekea huku na inayofuata ikielekea kule. Kupishana huko ndiko kunakoifanya imeremete ukiizungusha mkononi, na ndiko kunakoifanya ing'oke ukiikata vibaya. Gogo likilala kivulini juu ya udongo wenye unyevu kwa wiki 6 hadi 8, kuvu huingia na kuchora michirizi ya kijivu na mistari myembamba myeusi. Hiyo ni rangi ya bure, na hakuna unga wa dukani unaoifikia. Ukilisahau gogo zaidi ya hapo mbao inakuwa laini kama mkate na haishiki patasi.

Ukipata mgrevilia, ambao wauzaji wengine wa mbao huuita mukima, chagua kipande kilichopasuliwa kuelekea kwenye moyo wa mti. Upande huo unaonyesha magamba mapana kama ya samaki. Magamba hayo hunywa rangi tofauti na mbao inayoyazunguka, kwa hiyo hata rangi moja tu hutoka kama mbili. Sipresi ni rahisi kupatikana lakini ina tabia yake: sehemu laini kati ya pete ndiyo inayokunywa, pete ngumu inabaki hafifu. Palipokuwa peupe panakuwa peusi, na palipokuwa peusi panabaki peupe. Wengine huipenda hali hiyo. Sisi tunaiona inafaa kwa ncha na vifundo, si kwa tufe.

Mwarobaini una moyo mwekundu wa kahawia, kwa hiyo rangi hafifu hupotea juu yake ila nyeusi huukaa vizuri. Mvule na mbambakofi tunaziachia kazi za milango. Mvule mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyokata makali ya patasi ghafla, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Mbambakofi una unga wa manjano kwenye vitundu vyake unaotoka ukipata unyevu na kuchafua kitambaa. Fikiria pambo hilo likitundikwa juu ya pazia jeupe.

Mpingo ni mweusi kwa asili na hauhitaji rangi. Lakini karibu jamii yake yote ya Dalbergia imo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, na mti wenyewe hukua polepole mno. Mabaki madogo ya mpingo yanatosha ncha nyembamba. Kwa weusi mkubwa kuna siki na chuma, tutaiona mbele.

Sasa kukausha. Hewa ya Mombasa haikaushi mbao hadi mwisho. Kipande kikishatulia humu ndani hubaki na unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi, na hakishuki zaidi ya hapo hata ukikiweka mwaka mzima. Kata vipande vya milimita 70 kwa 70 kwa 90, paka nta au gundi nyeupe kwenye vichwa viwili, vipange kivulini kwa nafasi upepo upite. Pima kila kimoja kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki na uandike uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukisimama palepale wiki tatu mfululizo, kimetulia. Ukiharakisha, tufe litatoka duara siku ya kulikereza na kuwa yai baada ya mwezi, kwa sababu mbao husinyaa kwa kufuata pete za mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye moyo.

Kabla ya kufunga kipande kwenye keezo, kigonge juu ya karatasi nyeupe. Unga laini ukidondoka, kimebunguliwa. Usikihifadhi karibu na vingine, na usidhani rangi itaziba matundu yale.

Kwenye keezo

Nyuzi zielekezwe sawa na mhimili wa mashine. Funga kipande kati ya ncha mbili za mashine, kikwangue kiwe mviringo kwa mizunguko 1,200 hivi kwa dakika, kisha kata kitako cha kushikwa na taya za mashine. Kikishashikwa na taya, toboa katikati kwa keekee ya milimita 16 hadi kina cha milimita 48. Anza kuchimba ndani kabla ya kumalizia nje, kwani ukishapunguza nje huna tena mbao ya kushikilia mtetemo.

Mbona tuchimbe? Kwa uzito. Tufe zima la mwembe la milimita 55 lina karibu gramu 57. Likichimbwa likabaki gamba la milimita 3, linashuka hadi kama gramu 17, tawi la mti wa Krismasi halilali na uzi mwembamba unatosha. Tena gamba jembamba husinyaa na kutanuka bila kupasuka, jambo ambalo tufe zima haliwezi likipelekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Tumia patasi ndogo iliyopinda, ingiza kidogo kidogo, simamisha mashine kila baada ya muda upulize vumbi nje. Vumbi likijaa ndani patasi hunasa, na gamba hupasuka mara moja.

Nje, kata kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, daima. Ukielekea kinyume unazipinda nyuzi na kuzing'oa. Kwa mikato miwili ya mwisho noa patasi upya, hata kama unaona bado inakata, ongeza mwendo hadi 2,000 au 2,200, na kata utepe wa mbao mwembamba kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo rangi inapoanza. Kiegemeo cha patasi kisiwe mbali zaidi ya milimita 5 na mbao, na ukizungushe kipande kwa mkono mara moja kabla ya kuwasha uhakikishe hakikigusi kiegemeo.

Miwani ya kukinga macho ni lazima. Glavu ni marufuku mashine inapozunguka. Mikono mirefu, kikoi kinachoning'inia, nyuzi za barakoa zilizolegea, vyote hivyo keezo huvivuta haraka kuliko unavyoweza kuinua mkono. Barakoa yenyewe vaa, hasa kwa mwembe ambao haujakauka sawasawa. Utomvu wake huwasha watu wengi, na mkorosho vivyo hivyo.

Ncha tunaikereza peke yake kutoka kipande cha milimita 20 kwa 20 kwa 110. Anza mwishoni kabisa, kwenye kile kidole chembamba, ukimalize kabisa pamoja na msasa, ndipo usogee kuelekea kwenye taya. Ukikereza yote kwanza ukasema utapiga msasa baadaye, mahali palipobaki milimita 3 pataanza kucheza kama mjeledi na patavunjika. Ulimi wa kuingia kwenye tufe uwe na kipenyo cha milimita 7.5 na urefu wa milimita 6. Lile tundu la milimita 16 lililotumika kuchimbia linazibwa na kofia. Upande wa pili toboa tundu jipya la milimita 8 la ncha.

Msasa, na maji

Anza na namba 150 kama bado kuna alama za patasi, uende 220, kisha 320. Punguza mwendo hadi 600 au 700. Kila unapobadilisha namba, simamisha mashine usugue kwa mkono kufuata nyuzi, kwa sababu msasa wa mashine huacha mizunguko inayolizingira tufe, na rangi hupenda sana kukaa humo. Usipite 320. Ukiendelea hadi 600 mbao inang'aa, unafurahi, halafu rangi haiingii, kwani umevibana vitundu.

Sasa lowesha tufe kwa kitambaa cha maji na uliache saa moja. Ukipitisha kiganja utahisi limeota vinyweleo. Ni nyuzi zilizolazwa na msasa ambazo sasa zimeamka. Zikate kwa 320 iliyochakaa, kwa mkono mwepesi. Ukiruka hatua hii, rangi ya maji itaziamsha badala yako, na utalazimika kupiga msasa juu ya rangi uliyoitaka.

Nyeusi ya siki na chuma

Chukua siki nyeupe ya jikoni mililita 500 na sufi ya chuma gramu 15. Ni ile nyembamba ya kijivu ya kusugulia sufuria inayoshika kutu, si ile ya nyuzi pana zinazong'aa. Hiyo ya pili haishiki kutu, na unaweza kuikalisha kwenye siki mwezi mzima bila kupata kitu. Ukitaka uhakika, ilowe usiku mmoja kwenye maji ya chumvi kidogo. Isipokuwa na kutu asubuhi, haifai. Osha sufi kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, ichane vipande, izamishe ndani ya chupa ya kioo, funika bila kukaza kwa sababu inatoa gesi. Siku ya 4 au ya 5 inatosha. Chuja kwa kitambaa cha melimeli.

Dawa hii yenyewe si nyeusi, ni ya kijivu cha maji ya mvua. Weusi unatokea chuma kinapokutana na tanini, ile dutu ya ukakasi iliyomo ndani ya mbao na majani ya chai. Mwembe una tanini kiasi, mgrevilia na sipresi kidogo, kwa hiyo tunaiongeza: vijiko vinne vya mezani vya majani ya chai, chemsha dakika 15 katika nusu lita ya maji, acha ipoe, paka mara mbili, acha ikauke. Halafu ndipo unapopitisha brashi ya siki.

Ukiikazia macho utaona. Mwanzoni hakuna kitu, mbao imelowa tu. Unavuta pumzi tatu nne, kijivu kinaanza kwenye vitundu, kila kimoja kama nukta ya penseli. Kijivu kinatambaa kufuata nyuzi, kinakutana na cha jirani, kinageuka buluu iliyokoza, na kabla hujafika upande wa pili wa tufe, upande wa kwanza umekuwa mweusi kabisa. Mahali palipokuwa na tone la gundi panabaki peupe kama jicho. Basi usitumie supaglu karibu na uso utakaopakwa, na usilishike tufe kwa mikono iliyotoka kula viazi karai.

Nyeusi hii haifi kwa jua, na hiyo ndiyo heshima yake. Ubaya wake ni kwamba haiendi chini sana, na siki iliyokaa wazi muda mrefu huacha vumbi la kutu lenye rangi ya kahawia. Itokeapo hivyo, mwaga utengeneze nyingine. Na kitu kimoja kinachowasumbua wengi bila kujua chanzo chake ni vidoa vyeusi vidogo vinavyotokea kwenye kazi nyeupe siku moja baada ya kulowesha. Hilo ni vumbi la chuma kutoka kwenye jiwe la kunolea, au mabaki ya sufi ya chuma. Nolea mbali na meza ya rangi.

Rangi mbili kwenye nyuzi moja

Hapa ndipo utamu ulipo. Lengo ni vitundu na michirizi ibaki myeusi huku uso wa mbao ukiwa na rangi iliyo hai, nyekundu au buluu au kijani. Ukipaka nyekundu peke yake unapata tufe jekundu. Ukitanguliza nyeusi na kuiondoa, mbao inaonyesha mwili wake.

Kwa rangi zilizo hai tunatumia rangi ya unga ya kuchovyea miyaa, ile ambayo wasusi wa mikeka huichemsha. Imetengenezwa kushika kwenye mmea, na mbao ni mmea. Gramu 5 kwa mililita 250 za maji ya moto, koroga, acha ipoe, chuja. Usipochuja, chembe moja ambayo haijayeyuka itaacha mkia wa rangi kama nyota inayoanguka. Vaa glavu za mpira hapa, kwa kuwa mashine imezimwa. Bila glavu vidole vitabaki na rangi siku nyingi.

Paka kwanza nyeusi, ama ya siki ama ya miyaa, ijae hadi inatiririka, futa, acha ikauke usiku kucha. Asubuhi rudisha kwenye keezo, mwendo 500, msasa 320 mpya. Gusa na kuacha, gusa na kuacha. Nyeusi inaondoka kwenye uso lakini inabaki ndani ya vitundu na pale nyuzi zilipoelekea juu. Mwembe ukifika hapa hufanana na ramani iliyochorwa kwa wino. Uamuzi wa wakati wa kuacha ni wako. Wengi huacha mapema mno wakihofia kuimaliza nyeusi, kisha rangi ya pili inatoka chafu. Endelea mpaka uone mbao nyeupe ikitawala theluthi mbili ya uso. Kama uliitumia ya siki, fanya wepesi zaidi, maana kina chake ni kidogo.

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha mwaga rangi ya pili kwa sifongo huku ukilizungusha tufe kwa mkono. Usiwashe mashine. Hata kwa mwendo mdogo itakupaka wewe na ukuta. Ukitaka rangi zichangamane, anza na iliyo hafifu: manjano katikati, nyekundu ikiwa manjano bado imelowa, buluu mwisho kwenye ncha za tufe. Ukianza na buluu, manjano itakuwa kijani popote itakapogusa na huwezi kurudi nyuma. Mshono kati ya rangi mbili unalainishwa kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla haujakauka. Ukikauka umekwisha.

Kumbuka pia tufe lina vichwa viwili, juu na chini, ambako nyuzi zimekatwa kama mirija iliyosimama. Hapo rangi huingia mara mbili. Ama kubali, uweke rangi iliyokoza huko tangu mwanzo ili ionekane imekusudiwa, ama paka vichwa hivyo shelaki (aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) iliyo nyepesi, sehemu 1 kwa spiriti sehemu 6, usubiri ikauke kabla ya rangi ya maji. Sisi tunapendelea la kwanza. Tufe linalokolea kuelekea juu na chini hupendeza, na linaonekana mviringo zaidi kuliko lilivyo.

Kwa vitundu vyeupe badala ya vyeusi, geuza mpango: tia rangi kwanza, ikaushe, iwekee koti moja jembamba la kinga, kisha sugua nta iliyochanganywa na unga mweupe wa rangi, gramu 20 kwa nta ya nyuki gramu 100, iyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto. Futa kwa kukata nyuzi, si kwa kuzifuata, la sivyo utaichomoa nta kwenye vitundu. Oksaidi nyekundu ya sakafu inafaa vivyo hivyo. Hiyo ni rangi ya madini na jua haliiwezi.

Majaribio ya jikoni, na jua

Manjano ya kupikia hutoa rangi nzuri ajabu. Kijiko kimoja cha mezani kwa mililita 100 za spiriti, ilale usiku, chuja. Mbao inakuwa ya dhahabu. Pitisha juu yake brashi ya maji yenye magadi kidogo, na papo hapo dhahabu inageuka nyekundu ya tofali. Mtoto akiona hivyo atakuomba urudie. Lakini rangi hii hufa kwa jua ndani ya wiki chache, kwa hiyo ni ya kujifunzia na ya kucheza. Pambo la kuuzwa halifai kutiwa manjano, kwa sababu mnunuzi hatakuwepo wa kuelezwa likishafifia.

Rangi za miyaa nazo zina udhaifu huo, ila kwa viwango tofauti. Waridi na zambarau hutangulia kufifia. Usiulize mtu, pima: paka kipande cha mbao rangi zako zote kwa mistari, funika nusu kwa karatasi ya foili, kiache kwenye paa linalopigwa na jua siku 14. Ukiifunua foili utajua rangi ipi ni ya dirishani na ipi ni ya ndani ya kabati. Fanya hivyo kila ukibadilisha muuzaji, maana rangi mbili zenye jina moja huweza kuwa vitu viwili tofauti.

Kutia rangi kwenye keezo si jambo geni Pwani. Miguu iliyokerezwa ya vitanda na viti vya kale vya visiwa vya Lamu ilitiwa lakeri ya rangi. Mtindo huo bado ni kazi ya kila siku Channapatna, India: kijiti cha lakeri kinabanwa kwenye mbao inayozunguka, joto la msuguano linakiyeyusha, kisha inang'arishwa kwa jani la mkadi. Lakeri hiyo hufunika nyuzi, kwa hiyo tukiitumia tunaiweka kwenye mifereji tu: kata mfereji wa milimita 2 kwenye kofia, bana kijiti kwa mwendo 1,500, kisha kwangua kilichofurika. Pete inayobaki ina ukali ambao brashi haiwezi kuutoa.

Koti la mwisho

Kanuni ni moja: koti lisiyeyushwe na kile kilichoyeyusha rangi. Rangi ya maji ifunikwe kwa shelaki au vanishi ya mafuta. Rangi ya spiriti isiguswe na shelaki ya kusugua kwa kitambaa, itaivuta rangi yote na kuipaka kofia. Vanishi ya mafuta ina umanjano wake, kwa hiyo buluu yako itaelekea kijani. Kwa buluu na zambarau tumia shelaki nyeupe iliyosafishwa, au lakeri isiyo na rangi ya kupuliza.

Na hapa hewa ya Mombasa inaingia kazini. Shelaki na lakeri hukauka haraka, kukauka huko kunaupoza uso, na unyevu wa hewa unatua juu yake na kunaswa. Matokeo yake ni ukungu mweupe, kama pumzi kwenye kioo. Wakati wa masika hali ni mbaya zaidi. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, makoti membamba matatu badala ya moja nene, dakika 30 katikati. Ukungu ukishatokea usikimbilie msasa. Subiri saa kavu ya mchana, puliza tina (kiyeyusho cha lakeri) peke yake kwa umbali wa sentimita 30, kidogo sana, nao utayeyuka na kutoka. Usipotoka mara ya pili, ndipo upige msasa 400 na kuanza koti upya, ukiwa mwangalifu kwenye kingo ambako rangi ni nyembamba.

Unganisha sehemu zikiwa zimekauka siku mbili. Gundi iwe tone moja chini ya ulimi wa ncha, si kuuzunguka, na ulimi uachiwe nafasi ya nusu milimita, hasa pambo likienda Nairobi au Ulaya ambako hewa ya ndani ya nyumba huwa kavu zaidi na tundu litabana. Kabla ya gundi kukamata, litundike kwa uzi, lizungushe polepole, ulitazame kutoka hatua tatu. Ncha iliyopinda hata kidogo inaonekana hapo, na bado una dakika tano za kuinyoosha.